Sikio Huchagua Kwanza

“Ngoja kidogo, papa. Mikro inatafuta mwenzake.”

Kijana aliyenijibu hivyo alikuwa amechuchumaa nyuma ya meza ya mitambo huko Mantapala, makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa mwaka 2018 katika wilaya ya Nchelenge, Zambia, kwa ajili ya watu waliovuka mpaka kutoka mikoa ya Haut-Katanga na Tanganyika ya Kongo. Mkono wa kulia ulishika maiki isiyo na waya. Wa kushoto uliizuia resiva isiteleze mezani. Aliviweka uso kwa uso, kikibaki kiganja kimoja tu cha nafasi, akabonyeza kitufe. Taa nyekundu, ndogo kuliko punje ya mtama, ikaanza kukonyeza. Watu waliokuwa wakisubiri mkutano walikuwa katika mambo yao: bei ya mihogo, mtoto mwenye homa, mvua iliyokataa kuisha. Hakuna aliyeitazama taa ile. Mimi niliitazama mpaka ikatulia na kuwa ya kijani, kisha mkutano ukaanza, hotuba zikapita, na katika yote yaliyosemwa siku ile hicho kitendo kisicho na maneno ndicho nilichoondoka nacho.

Tumezoea kuamini kwamba msemaji ndiye huanza. Mdomo hufunguka, sikio likafuata. Katika kuoanisha maiki na resiva mambo huenda kinyume, na fundi asiyejua hivyo atahangaika mchana kutwa. Resiva huwashwa kwanza, maiki ikiwa bado imezimwa, nayo hukaa peke yake ikiisikiliza hewa. Hupita chaneli baada ya chaneli, ikipima: hapa pana kituo cha televisheni, hapa pana mvumo usio na mwenyewe, hapa pako wazi. Ikipata pa wazi, hupashika. Ndipo maiki huletwa mbele yake, dirisha dogo jeusi likitazamana na dirisha dogo jeusi, na kwa mwanga wa infraredi, ambao jicho la binadamu halina uwezo wa kuuona, resiva huipa maiki masafa itakayopitia. Maiki huyapokea, hujipanga, huanza kurusha. Zipo za bei nafuu zinazouzwa kwa jozi ndani ya boksi moja, zimeshaoanishwa kiwandani, na hizo hazina la kutafuta. Lakini hata hizo ziko katika hali ileile ambayo imekuwa ikinisumbua: katika mitambo mingi ya aina hii, resiva haitaisemesha tena maiki baada ya hapo. Maiki itasema saa nzima, itasema mpaka betri zake ziishe nguvu, bila kupata hata dalili moja kwamba inasikika.

Kwa hiyo anayesikia ndiye aliyechora njia, na anayesema hupita humo au hapiti kabisa. Nimejaribu kuipinga fikra hii, kwa kuwa kazi yangu ni ya kusema, nayo fikra yenyewe hainifurahishi, lakini kila nikiigeuza hurudi palepale. Mwandishi huchagua maneno yake akidhani yuko huru, kumbe msomaji ameshapita hewani kabla yake, ameshapima, ameshaamua ni wapi anaweza kufikiwa na wapi hafikiki. Mhubiri hali kadhalika. Mtoto anayelia usiku ndiye pekee ninayemwona akirusha bila kuoanishwa, kwenye masafa yote kwa pamoja, na hata yeye baada ya miezi michache hujifunza mlio ambao mama huamkia.

Watu wa Kashikishi, soko na bandari iliyoshikana na Nchelenge, wangeielewa resiva upesi zaidi yangu, maana wanaishi kwa nyavu. Wavu ni matundu. Nyuzi ni za kuyashikilia matundu tu. Anayenunua wavu ananunua ukubwa wa nafasi tupu, na sheria ya uvuvi inapoutazama wavu haiulizi urefu wake kwanza, inauliza jicho lake. Wa chisense, dagaa wa Ziwa Mweru anayevutwa na taa usiku, una jicho la kumzuia hata samaki wa urefu wa kidole. Wa pale, perege mnene wa ziwa hili, unapaswa kuwaacha wadogo wapite wakakue. Na yule aitwaye mpumbu, samaki ambaye zamani alipanda mto Luapula kwa makundi makubwa kwenda kutaga, alitegewa njiani mwaka hadi mwaka mpaka akaadimika, na hilo lilitokea kabla ya uhuru wa Zambia wa 1964. Wavu unaoshika kila kitu hauvui, unazoa. Resiva nayo thamani yake iko katika yale inayoyakataa. Angani juu ya Nchelenge mnapita televisheni, simu, redio za Zambia na za Kongo, Radio Okapi ambayo tangu 2002 husema Kiswahili pamoja na Kifaransa, Kilingala, Tshiluba na Kikongo, na maiki nyingine za makanisa ya jirani siku ya Jumapili. Yote hayo hugonga antena moja kwa wakati mmoja. Kifaa kile kidogo mezani husimama katikati ya gharika hilo na kuacha uwazi mwembamba mmoja. Tunakisifu kwa usikivu wake, ilhali kazi yake kubwa ni uziwi uliopimwa.

Ziwa lenyewe halichagui. Mweru lina urefu wa kilomita 131 hivi na upana wa kilomita 56 panapopanuka. Luapula huingia kwa upande wa kusini na Luvua hutoka kaskazini, pale Pweto. Upande wa pili wa maji kutoka Nchelenge, mwendo wa kama kilomita 40, kuna Kilwa ya Kongo, na si mbali na ufuko huohuo wa Kongo kuna kisiwa kinachoitwa Kilwa vilevile ambacho ni cha Zambia. Jioni, hewa iliyolala juu ya maji ikiwa ya baridi kuliko ile iliyo juu yake, sauti iliyotaka kupaa hupindwa ikarudi chini, ikateleza mbali kuliko inavyostahili. Mtu husikia kikohozi cha mvuvi asiyemwona. Husikia kasia likigonga ubavu wa mtumbwi, na kicheko ambacho hakikukusudiwa kwake. Sikio halilali na njaa, walisema wahenga, na kando ya ziwa hushiba hata kisicho chake. Ndiyo maana nadhani watu wa pwani yoyote, ya ziwa au ya bahari, huwa na adabu ya namna fulani ya kutosikia: habari iliyoletwa na maji huachwa ipite, kama haikutajwa jina lako.

Kusema bila kujua kama unasikika si jambo lililokuja na umeme. Mwaka 1802 mabwana wa Kireno wa Angola waliwatuma wafanyabiashara wawili Waafrika, Pedro João Baptista na Amaro José, wapeleke barua Tete, upande wa pili wa bara. Njia yao ilipita kwa Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda wa bonde la Luapula, kusini mwa mahali hapa ninapopazungumzia. Walipofika kwake mwaka 1806 safari ilisimama. Kulikuwa na vita njiani, na mfalme hakuwaruhusu kuendelea. Walikaa katika nchi yake kama miaka 4. Barua ilikaa nao. Walifika Tete mwaka 1811. Aliyeandika barua Angola alikuwa katika hali ya maiki: amesema, na mbele yake ni giza tupu. Ninachokipenda katika kisa hiki ni wale wawili wenyewe. Baptista aliandika kumbukumbu za safari, siku kwa siku, mto kwa mto, na kumbukumbu hizo zimedumu na kusomwa kuliko barua waliyotumwa kuibeba. Waliotumwa wapitishe neno la mwingine walikuwa, bila mtu kuwaagiza, wakirusha la kwao, na resiva yake ilikuwa bado haijazaliwa.

Katika baraza hilohilo la Kazembe kulikuwa na chombo kilichotatua tatizo la kuoanisha bila taa wala kitufe. Mondo ni gogo lililochongwa likawa na uwazi ndani, lenye mdomo mwembamba juu, nalo hupigwa kwa sauti mbili, ya juu na ya chini. Kwa sauti mbili huwezi kutamka neno. Unaweza tu kutoa umbo lake, panda-shuka yake, na umbo moja linaweza kuwa la maneno mengi. Ili mondo lisemeke lazima msikilizaji awe na sentensi nzima kichwani kabla ya mpigo wa kwanza: sifa za mfalme fulani, jina la majigambo la ukoo fulani. Mpigaji hampelekei habari. Humgusia alichokuwa nacho tayari. Kuoanishwa kwao kulichukua utoto mzima, barazani, kwenye matanga, kwenye sherehe. Na hapa ndipo panapouma. Walunda wa Kazembe walikuja kutoka magharibi, kwa mfalme Mwata Yamvo, na baada ya vizazi kadhaa bondeni lugha ya nyumbani kwao imekuwa Kibemba. Sifa za wafalme zimebaki katika lugha ya zamani ambayo si wengi leo wanaoielewa. Sherehe ya Umutomboko hufanyika Mwansabombwe kila mwaka, mwishoni mwa Julai, na Mwata hucheza mbele ya maelfu, na vipaza sauti vikubwa hueleza kila hatua kwa Kibemba na Kiingereza. Mondo bado hulia. Hulia kwa usahihi uleule. Kilichopungua ni masikio yenye umbo lake, na hakuna betri ya kubadilisha upande huo.

Hapo nakumbuka tabia moja ya redio za FM ambayo mafundi huitaja kwa kawaida tu, bila kujua inavyotisha. Maiki mbili zikipangwa kwenye masafa mamoja mbele ya resiva moja, mtu angetarajia kusikia sauti mbili zimechanganyika, kama wasemavyo watu wawili chumbani. Haiwi hivyo. Yenye nguvu zaidi humeza nyingine, na iliyomezwa haisikiki hata kwa mbali. Mwenye nayo anaendelea kufungua mdomo. Nguvu zikikaribiana ndipo huzuka miluzi na mikwaruzo, ushindi ukirukaruka kutoka huku kwenda kule. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Edwin Armstrong, Mmarekani aliyepewa hataza za FM mwaka 1933, alitaka kuokoa redio na mikwaruzo ya radi, akafaulu, na ukatili huu mdogo ukaja pamoja na usafi wa sauti: ule uwezo wa kufuta kelele ndio uwezo wa kufuta mnyonge. Yeye mwenyewe alijiua mwaka 1954 akiwa bado anadai haki yake mahakamani dhidi ya makampuni yenye mitambo mikubwa kuliko yake.

Lugha za ufukwe huu zimepitia hayo. Mmisionari na msafiri Livingstone alipolifikia ziwa Novemba 1867 na kuingia kwa Kazembe, alimkuta Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara aliyekuwa ameishi huko miaka mingi. Kiswahili kilikuwa kimeshafika kwa miguu ya misafara, pamoja na shanga, vitambaa, bunduki, na biashara ya watu ambayo hatuna haki ya kuisahau tunapojivunia kuenea kwa lugha yetu. Baadaye mkoloni wa upande huu alikuja na Kiingereza na wa upande ule na Kifaransa. Kiswahili kikashika mizizi Katanga, Kibemba kikashika bonde la Luapula. Leo mama kutoka Pweto akiingia sokoni Kashikishi husema Kibemba cha kununulia na Kiswahili cha kuhesabia hela mwenyewe, na sijaona mluzi wowote ukitokea kati ya viwili hivyo. Pengine binadamu hana masafa mamoja. Pengine ni sisi wa vipaza sauti tunaodai chaneli moja.

Mwili nao una la kusema. Wimbi la maiki ya megahezi 600 lina urefu wa nusu mita. Robo yake ni sentimita 12 na nusu, karibu nusu shubiri. Likigonga bati la paa hurudi, na lililorudi likikutana na lililokuja, mahali fulani huuana. Hatua moja pembeni, lipo tena. Ndiyo sababu resiva nzuri ina antena mbili, na huhama kutoka moja kwenda nyingine bila msikilizaji kutambua: ambapo moja imekuwa kiziwi, mwenziwe bado anasikia. Wanakwaya vijana, kwa kuiga wasanii, huikamata maiki mkiani ambako antena yake imefichwa, na kiganja, ambacho kwa sehemu kubwa ni maji, hulinywa wimbi lote. Waimbaji wa namna hiyo hujinyamazisha kwa mkono wao wenyewe huku wakiongeza juhudi.

Na resiva nzuri ina siri nyingine. Ndani ya wimbi, pamoja na sauti ya msemaji, maiki hutia mlio mmoja wa juu mno, kupita elfu 20 kwa sekunde ambazo ndizo mwisho wa sikio la binadamu. Mlio huo hausemi kitu ila “ni mimi, wa kwako.” Usiposikika, resiva hufunga mlango, na spika hukaa kimya hata kama angani kuna wimbi lenye nguvu kwenye masafa yaleyale. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Spika zile za Mantapala, dakika chache kabla ya mkutano, hazikuwa zimenyamaza kwa kukosa cha kusema. Hewa ilikuwa imejaa. Zilikuwa zinamngoja mtu mmoja.

Aliposema, alikuwa ofisa, na alisema Kiingereza. Kisha maiki ikapokelewa na mkalimani, ikatoka Kiswahili. Ikapokelewa na mwingine, ikatoka Kibemba. Resiva haikuonyesha tofauti yoyote. Ilipokea ahadi kwa uaminifu uleule iliopokea nao kikohozi, na hapo nikaona mpaka wa sifa zote nilizokwisha kuipa. Waliokaa kwenye nyasi walikuwa na resiva zao, zilizopangwa na safari zao wenyewe. Kuna waliokuwa wamekimbia zaidi ya mara moja, maana kambi za Kala na Mwange ziliwahi kuwapokea Wakongo katika mkoa huo na wa jirani tangu vita ya mwisho wa miaka ya 1990, wakarudi kwao, wakakimbia tena. Mtu wa namna hiyo akiambiwa mgao utafika mwezi ujao, husikia. Husikia kwa utulivu mkubwa. Jicho la wavu wake ni pana mno, na maneno ya aina hiyo hupita humo bila kugusa uzi. Ofisa aliona watu wasikivu. Nilitamani ajue, lakini mtambo wake ulikuwa wa njia moja.

Siku hizi ipo mitambo ya gharama ambayo njia ni mbili. Resiva ikiona masafa yameanza kuvamiwa huiambia maiki ihame, nayo huhamia mahali papya katikati ya sentensi, na msemaji hajui kwamba amehamishwa. Mafundi wanaisifu sana, nami sina sababu ya kuwabishia, ila sifa yenyewe hunikumbusha Mei 1894, pale Uingereza na Dola ya Kongo ya Mfalme Leopold zilipokubaliana mpaka upite Luapula na ndani ya Ziwa Mweru. Hakuna mvuvi aliyeulizwa. Asubuhi iliyofuata mtumbwi uliotoka kisiwani ulikuwa unavua katika nchi mbili, na wavu haukujua. Mwanahistoria wa Zambia, Mwelwa Musambachime, ameandika kuhusu yaliyofuata: serikali zikiwahamisha watu ufukoni kwa sababu ya malale, na watu nao wakijihamisha kwa sababu ya serikali. Habari za mpaka ziliwafikia wengi kwa mara ya kwanza zikiwa zimebebwa na karani wa kodi ya nyumba. Waliosikia vizuri walipakia watoto na vyungu wakavuka usiku kwenda upande wa pili, wakaishi huko mpaka karani wa upande huo naye alipojifunza majina yao.